Kabla ya Kupanda Meli ya Karibi: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: meli kubwa za kitalii za bahari ya Karibi. Watoto walioko Marekani wanawaalika wazazi, vijana wanaona matangazo kwenye simu, na Dodoma hakuna jirani wa kumuuliza aliyewahi kupanda. Yanayogusa fedha na afya tumeyajibu kwa kirefu, mengine tumeyapitia haraka.

Salaam wahariri. Mimi na mwenzangu ni wastaafu, tunaishi Area C. Mtoto wetu wa Texas ametuonyesha tangazo la safari ya usiku saba kutoka Galveston kwenda Mexico na Honduras, dola 699 kwa mtu. Viza zetu bado hazijaisha muda. Tukiwa na dola 1,400 tumemaliza?

Shikamooni wazee wetu. Hapana, hamjamaliza, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Dola 699 ni bei ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili, na kwa kawaida ni chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Anayesafiri peke yake mara nyingi hulipishwa vitanda vyote viwili.

Nauli yenu inalipia chumba, milo ya mgahawa mkuu na ya ukumbi wa kujihudumia, maji, chai, maonyesho ya jioni na mabwawa ya kuogelea. Hailipii soda, bia, migahawa maalumu, intaneti, picha, kufua nguo wala matembezi ya nchi kavu.

Tufanye hesabu. Nauli ya wawili ni 1,398. Ada na kodi za bandari tuziweke 150 kwa kila mmoja, yaani 300. Matangazo mengine yameshazijumlisha, kwa hiyo someni maandishi madogo chini ya bei. Bakshishi za wahudumu hukatwa zenyewe kila siku, kati ya dola 16 na 20 kwa kila kichwa. Tukichukua 18 kwa usiku saba, wawili mnalipa 252. Intaneti ya simu moja kwa dola 20 kwa siku inafika 140. Matembezi mawili ya dola 80 kwa kila mmoja ni 320. Wekeni 100 ya vinywaji na vidogo vidogo. Jumla ni dola 2,510, na hapo hamjagusa tiketi ya ndege, bima, wala hoteli ya usiku wa kuamkia safari.

Usiku huo wa hoteli msiukate. Ndege za Dar es Salaam kupitia Doha, Istanbul au Amsterdam zitawashusha Houston, na uwanja mkubwa wa Houston uko zaidi ya kilomita 100 kutoka gati la Galveston. Ndege ikichelewa kwa muda wa saa tano siku ya meli, meli inaondoka. Hakuna anayerudisha nauli kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo huku nyumbani: shukeni Dar kwa SGR siku moja kabla ya ndege, msipande treni ya siku ileile.

Kuhusu malipo ya ndani: melini hakuna anayepokea noti baa wala dukani. Mnapewa kadi inayofungua mlango wa chumba, na kila mnachonunua kinaandikwa humo. Kadi hiyo huunganishwa na kadi ya benki, au mnaweka fedha taslimu pale mapokezi. Kadi zetu nyingi ni za kutoa fedha moja kwa moja kwenye akaunti, na hapo pana mtego: kampuni hushikilia kiasi fulani kila siku kama dhamana, na kiasi hicho huweza kukaa kimefungwa siku kadhaa hata baada ya kushuka. Mwenye milioni moja kwenye akaunti anaweza kukuta kadi inakataa kulipia teksi Houston. Ni afadhali kuweka dola 200 au 300 taslimu mapokezi na kuiacha kadi ipumzike. Vilevile iombeni benki, kabla ya kuondoka Dodoma, iifungue kadi kwa matumizi ya nje ya nchi.

Mimi sina viza ya Marekani. Nimesikia sasa haitolewi. Je, kuna njia nyingine? Msomaji, Kisasa.

Ulichosikia kina msingi. Mwaka 2025 Marekani iliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi anaweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000, 10,000 au 15,000. Kisha tangazo la Desemba 2025 likasimamisha utoaji wa viza hizo za B1/B2 kwa raia wetu kuanzia Januari 1, 2026. Masharti ya aina hii hubadilika, kwa hiyo chungulia tovuti ya ubalozi wenyewe wiki unayotaka kulipia, usitegemee maneno ya wakala.

Meli nyingi kubwa za Karibi huanzia Miami, Fort Lauderdale, Port Canaveral na Galveston, zote za Marekani. Zipo pia zinazoanzia nje: Bridgetown huko Barbados, La Romana katika Jamhuri ya Dominika, Fort-de-France huko Martinique. Angalia mambo mawili kabla ya kufurahi. La kwanza ni orodha nzima ya bandari, si ya kuanzia tu. Meli inaweza kuanzia Barbados ikatia nanga San Juan ya Puerto Rico au St. Thomas, na visiwa hivyo ni himaya ya Marekani. Viza utadaiwa palepale. La pili ni njia ya ndege. Ukipitia London, Mtanzania huhitaji viza ya kupita hata kama hatoki nje ya uwanja. Martinique nayo iko chini ya Ufaransa lakini nje ya eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), kwa hiyo viza ya Schengen peke yake haitoshi kila mara.

Mwamuzi wa kwanza ni kampuni ya meli. Karani wa gatini asiporidhika na karatasi zako hupandi, na fedha hairudi. Iandikie kampuni, taja kwamba una pasipoti ya Tanzania na bandari zote za safari, na uchapishe jibu lao. Pasipoti iwe na miezi sita zaidi ya siku ya kurudi. Malipo yote hudaiwa siku 75 hadi 90 kabla ya kuondoka, na baada ya hapo makato ya kujitoa yanapanda kila wiki. Kama viza haijatoka kufikia siku hiyo, jitoe mapema.

Nina miaka 61, niko Mpwapwa, nina presha. Tangu MV Bukoba izame mwaka 1996 sijapanda chombo cha maji. Binti yangu ananishawishi. Meli kubwa hivyo inaaminika? Na je, nitatapika njia nzima?

Mama yetu, hofu yako ina sababu, na haifai mtu akuambie kwamba meli haizami. Tukueleze inavyolindwa, uamue mwenyewe.

MV Bukoba ilibeba watu kupita uwezo wake. Kwenye meli hizi za kitalii kila mtu husomwa kadi anapopanda na anaposhuka, idadi inajulikana hadi mtoto mchanga. Sheria za kimataifa zinadai mashua na maboya ya kuokolea yawe na nafasi zaidi ya watu waliomo. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, ina urefu wa takriban mita 365, yaani viwanja vitatu na nusu vya mpira kama ule wa Jamhuri vikipangwa mstari mmoja, na hubeba hadi abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350. Ukubwa huo husaidia meli isitupwe na mawimbi ya kawaida.

Lakini ukubwa si kinga ya kosa la binadamu. Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Amri ya kuiacha meli ilichelewa, na baadhi ya abiria walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura. Baada ya hapo sheria ikabadilishwa: zoezi lifanyike kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka. Kwa hiyo ukishapanda, kabla ya kwenda kula, tafuta kwenye kadi yako herufi na namba ya kituo cha kukusanyikia. Nenda kwa miguu, kwa ngazi, usitumie lifti, kwa sababu siku ya dharura lifti hazitumiki. Mhudumu atakusajili na kukuonyesha jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Mlio wa dharura ni saba mifupi na mmoja mrefu. Hesabu milango kutoka chumbani kwako hadi ngazi ya karibu, ili hata gizani mkono ukuongoze.

Sasa kutapika. Meli ina mapezi mawili au zaidi chini ya maji yanayopunguza kwenda mrama. Mtikisiko huwa mkubwa zaidi kwenye omo (mbele) na tezi (nyuma) na kwenye sitaha (ghorofa) za juu, kwa hiyo mwambie binti yako achague chumba cha katikati, sitaha za chini. Mara nyingi ndivyo vya bei nafuu, jambo ambalo mawakala hawalitangazi. Dawa kama meklizini au dimenhidrineti humezwa kabla ya meli kuyumba, saa moja hivi, kwa sababu ukishaanza kutapika haikai tumboni. Zinaleta usingizi na ukavu wa mdomo. Wewe mwenye presha peleka majina ya vidonge vyako kwa mfamasia au daktari wako kwanza. Na mzee mwenye tatizo la tezi dume au presha ya macho asizimeze kabisa bila kuuliza. Tangawizi ya kutafuna huwasaidia wengine. Usikae na njaa, usisome simu meli ikiyumba; toka nje, tazama mstari wa upeo wa bahari.

Dawa za presha beba za safari nzima na siku kumi zaidi, ndani ya makasha yake, kwenye mkoba wa mkononi. Kliniki ya meli ina daktari na wauguzi lakini si hospitali ya rufaa, na kila huduma inaandikwa kwenye akaunti yako kwa dola. Bima yako ya afya ya hapa nchini usiihesabu huko. Kubebwa kwa ndege mgonjwa kutoka baharini hugharimu makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo bima ya safari iwe inalipia usafiri wa dharura wa mgonjwa, si chini ya dola 100,000 kwa maoni yetu, na iseme wazi kwamba inakubali ugonjwa uliokuwa nao tangu zamani. Hapo ndipo wagonjwa wa presha na sukari wananyimwa fidia: walinunua bima ya bei rahisi, hawakuitaja presha.

Ugonjwa unaosumbua meli kuliko vyote ni wa tumbo, wa kirusi kiitwacho norovirusi. Huingia kwa mikono. Dawa ya spiriti ya kupaka mikononi haikiui vizuri, kwa hiyo nawa kwa sabuni na maji kila kabla ya kula, hata kama mlangoni umepuliziwa dawa. Ukianza kuhara au kutapika piga simu kliniki. Watakuzuia chumbani siku moja au mbili, ndivyo meli nzima inavyopona.

Cheti cha homa ya manjano usikiache. Visiwa kadhaa hukiuliza kwa anayetoka Afrika Mashariki. Chanjo huhesabika baada ya siku kumi, na siku hizi hudumu maisha.

Assalamu alaykum. Sisi ni Waislamu wa Kondoa. Chakula na swala huwaje?

Waalaykum salaam. Msidhani nyama ya melini ni halali mpaka muambiwe hivyo kwa maandishi. Makampuni kadhaa huandaa milo halali kwa ombi, lakini ombi lifike siku 60 hadi 90 kabla, kisha likumbushwe kwa mkuu wa mgahawa jioni ya kwanza. Bila ombi mtaishi kwa samaki, mayai, wali, mboga na vyakula vya Kihindi visivyo na nyama, ambavyo hupatikana karibu kila siku. Kwenye ukumbi wa kujihudumia nguruwe huwa meza ileile na vijiko huchanganywa na abiria. Mgahawa wa kukaa na kuhudumiwa ni salama zaidi, maana mpishi anaweza kuulizwa. Ulizeni pia kuhusu mvinyo kwenye rojo na jelatini kwenye vitamutamu. Ugali hakuna.

Chumba maalumu cha kuswalia msikitegemee, swalini chumbani. Kibla ndicho kinachowababaisha watu. Kondoa mnaelekea karibu kaskazini kabisa. Karibi ni kaskazini-mashariki, na meli inageuka usiku kucha. Dira ya simu hudanganywa na chuma cha meli, hasa vyumba vya ndani. Fungueni runinga ya chumbani, iko chaneli inayoonyesha ramani na uelekeo wa meli. Mkijua omo inaelekea wapi, mtapata kaskazini-mashariki bila dira.

Nikishuka kisiwani nikachelewa, meli inanisubiri? Mwalimu, Singida.

Haikusubiri, mwalimu. Isipokuwa umekwenda na matembezi yaliyonunuliwa melini, hapo kundi likichelewa meli hulisubiri. Ukitembea na teksi yako, muda ni wako.

Wanaochelewa si wazembe wote. Wengi hudanganywa na simu. Wakati wa kiangazi cha Marekani, saa za Miami hutangulia za Cozumel na za Jamaika kwa saa moja. Meli mara nyingi hubaki na saa zake za Miami, lakini simu ikinasa mnara wa nchi kavu inajirudisha nyuma yenyewe. Simu inasema bado saa nzima, kumbe gatini wanafungua kamba. Vaa saa ya mkononi, iweke sawa na saa ya meli, usiiguse.

Na sisi tuna mtego wetu wa ziada. Ubao wa mlangoni ukiandika 4:30, kwa Kiswahili ni saa kumi na nusu jioni. Usiisome kama saa nne na nusu. Andika kwenye karatasi kwa Kiswahili, weka mfukoni. Muda huo ni wa kuwa ndani. Meli yenyewe huondoka nusu saa au saa nzima baadaye. Panga kurudi gatini saa moja na nusu kabla.

Ikikuacha, gharama za kuifuata bandari inayofuata ni zako, na hapo suala la viza linakuwa zito. Kwa hiyo beba nakala ya pasipoti na viza, kadi ya meli, na namba ya wakala wa bandari, ambayo huchapwa kwenye ratiba ya siku.

Kuna bandari nyingine, kama George Town ya Grand Cayman, ambako meli haifiki gatini. Inatia nanga mbali na abiria hushushwa kwa mashua. Foleni ya kurudi huwa ndefu, na kuvuka kutoka meli kwenda mashua ikiyumba ni shida kwa mwenye magoti mabovu.

Msimu nao uuzingatie. Vimbunga vya Atlantiki huhesabiwa Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele ni katikati ya Septemba. Ndiyo maana Septemba na Oktoba ni rahisi. Nahodha atakwepa kimbunga, lakini anaweza kuiruka bandari uliyoitamani, na mkataba unamruhusu. Utarudishiwa ada ya bandari ile tu.

Nibebe nini, niache nini? Na WhatsApp inafanya kazi? Binti wa Nkuhungu.

Acha pasi, jagi la umeme, mishumaa na visu, vitachukuliwa ukaguzini. Nyama kavu usiipeleke Marekani kabisa. Ubuyu, karanga na zabibu zetu ziwe kwenye pakiti za kiwandani zilizofungwa, na zitaje forodhani. Tunda au chakula cha melini usishuke nacho kisiwani.

Plagi za chumbani kwa kawaida ni za Kimarekani, volti 110, na mara nyingi moja ya Kiulaya ya 220. Plagi yetu ya pini tatu za mraba haiingii, kwa hiyo nunua kigeuzi hapa. Chaja ikiandikwa 100–240 V ni salama. Mashine ya nywele ya 230 itakosa nguvu. Kiyoyozi ni kikali, kwa hiyo sweta lile la Julai ya Dodoma lisikose. Kwa usiku mmoja au miwili ya mavazi rasmi, kitenge kilichoshonwa vizuri kinatosha kabisa.

Begi kubwa utamkabidhi mpagazi gatini na huenda likafika chumbani jioni. Pasipoti, dawa, chaja na nguo ya kuogelea viwe mkononi. WhatsApp inataka intaneti ya meli. Weka simu kwenye hali ya ndege tangu unapopanda, maana mtandao wa simu wa baharini hutoza vibaya sana. Programu ya kampuni yenyewe hufunguka bure humo ndani.

Usiku wa mwisho begi huwekwa nje ya mlango kabla ya saa nne au tano usiku. Toa kwanza nguo za kesho, viatu na pasipoti. Kila safari kuna anayeamka na nguo za kulalia tu. Usiku huohuo fungua akaunti kwenye runinga au programu, usome kila mstari. Kosa likirekebishwa usiku ni dakika tano, asubuhi foleni ya mapokezi huzunguka ukumbi. Meli hufunga gati alfajiri, lakini uhamiaji wa watu elfu kadhaa huchukua muda, kwa hiyo ndege isiwe kabla ya saa sita mchana. Anayerudi Galveston kati ya Januari na Machi asogeze ndege hadi jioni au kesho yake, maana miezi hiyo ukungu huweza kufunga mlango wa bandari na meli ikabaki nje ikisubiri.